Ambrose na Sanduku Lililobaki Gatini

Ambrose Kabatay ameongoza wavuvi kwenye Ziwa Rainy, mpakani mwa Kanada na Marekani, kwa majira ya joto arobaini na moja, na anayekuambia kuna mwamba asioujua hajawahi kupanda mashua yake. Anajua magugu wanamojificha paiki, wale samaki warefu wenye meno ya kukata mshipi. Anajua kingo za mawe wanakokaa besi, wafupi wabishi, ambao ukimnasa mmoja anakupigania mpaka mkono ufe ganzi. Akiwa na wageni, yeye mwenyewe havui. Kazi yake ni kushika usukani, kunyamaza panapofaa, na saa sita mchana kuwashusha kisiwani awakaangie walichokipata. Hicho chakula cha ufukweni ndicho wageni wanachokwenda kusimulia kwao.

Ndiyo maana Doreen, mdogo wa mke wake, hakuwa na amani. Naye ni kiongozi wa wavuvi, na miaka kumi na moja iliyopita alisahau kikaango, akajaribu kuchoma samaki juu ya kasia. Kasia likashika moto. Tangu siku hiyo Ambrose humwita Mama Kasia, na kila asubuhi gatini humuuliza, wageni wake wakisikia, kama leo amebeba kasia la kupikia au la kusafiria.

Kwa watu wa huku, shemeji asipokutania, ujue kuna jambo. Ambrose aliliona hilo kwa mzee Simeon, mwenzao wa zamani. Simeon alipoanza kusahau vitu, watu waliacha kumtania. Wakawa wanamsemesha taratibu, kwa sauti ya kumwamkia mgonjwa, na majira yaliyofuata akapewa ufagio afagie vibanda vya wageni. Ambrose ana miaka sitini na saba. Ufagio ule haujamtoka kichwani.

Jumanne moja ya Julai aliwachukua mume na mke, walimu kutoka Iowa. Maji yalikuwa yametulia, samaki wana njaa, na kufika mchana walikuwa na besi wawili na paiki wa kutosha familia nzima. Ambrose aliegesha mashua kisiwani, akawasha moto, akarudi kuchukua sanduku la vyakula. Halikuwapo. Kikaango, mafuta, unga, viazi, birika, vyote vilikuwa vimebaki gatini, mwendo wa saa nzima.

Kwanza alifikiria kuwadanganya wageni kwamba mababu walimla samaki kwa kumbanika tu, bila chumvi. Kisha akauona moshi wa Doreen kwenye kisiwa cha jirani. Akawaomba wageni wautunze moto, akavuka huku akijipanga kwa aibu iliyokuwa inamsubiri. Alikuwa na majibu matatu tayari, na moja lilikuwa zuri kweli.

Doreen alimsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Aliinama, akamtolea kikaango, kopo la mafuta, unga na viazi vilivyokwisha kumenywa.

"Chukua, shemeji," alisema taratibu. "Chukua na chumvi. Uendeshe polepole."

Ambrose aliikumbuka sauti waliyomsemesha Simeon. Afadhali angetukanwa. Yale majibu matatu aliondoka nayo bila kuyatumia.

Aliwapikia wageni wake kama kawaida. Alimtoa paiki miiba yote, ile ya pembeni inayowashinda wengi, na yule mwalimu wa kike alikula mpaka akafungua kifungo cha suruali. Ambrose hakula zaidi ya vipande viwili. Mchana ule alikuwa akiitaja miamba moyoni, mmoja mmoja, kabla hawajaifikia, na hakukosea hata mmoja. Mama yule aliponasa paiki mkubwa, mumewe akasimama akicheza hadi mashua ikayumba, Ambrose alijikuta anacheka naye. Lakini kila injini ilipozimwa, ile "polepole" ilimrudia. Alikuwa na hofu, na alijua ni hofu.

Waliporudi, jua likiwa bado juu, gati lilikuwa limejaa watu: viongozi wote, mpishi, wageni, hata mwenye kambi ya uvuvi. Kwenye benchi lilikuwa limewekwa sanduku lake, limevishwa jaketi la kuokolea na kofia ya jua, ufito wa kuvulia umeegemezwa ubavuni. Doreen alisimama nyuma yake, mkono begani pa jaketi.

"Karibu, shemeji," alisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo. "Huyu mgeni wako ulimwacha tangu asubuhi. Anasema amelipa siku nzima, na hata mbu hajavua."

Watu walivunjika mbavu. Ikajulikana kwamba Doreen aliondoka baada yake, akaliona sanduku, akabeba kikaango cha pili na viazi vya watu sita. Kisha alifunga mdomo siku nzima, kwa kuwa utani kama huo, alisema, haumalizwi kisiwani mbele ya wageni wawili.

"Mimi nilidhani umenihurumia," Ambrose alimwambia, kelele zilipopungua.

"Nikuhurumie wewe? Miaka kumi na moja naingoja siku hii. Pale kisiwani niling'ata ulimi mpaka ukaniuma."

Ambrose alikaa kwenye benchi kando ya sanduku, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja kinachonuka samaki.

Alipofika nyumbani, habari zilikuwa zimemtangulia. Mkewe, Myrna, alikuwa anapakua supu ya mchele wa ziwani, ule unaojiotea majini, na mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Doreen amepiga simu," alisema. "Anasema kuanzia leo wewe ni Baba Sanduku, na hatakuacha mpaka siku ya kukuzika."

Ambrose alivuta kiti, akakaa, akamwomba arudie alivyosema Doreen, asiruke hata neno moja.