Nyoka wa Abiba na Macho Meupe

Siku nyoka wa Abiba alipopofuka, ilibidi mtu alaumiwe.

Akalaumiwa Tiya.

Ngoja, usikimbie. Najua wengine wenu mkisikia neno nyoka tu mnapandisha miguu kwenye kiti. Huyu hakuwa na sumu. Alikuwa nyoka wa panya, wa kahawia, unene wake kama mpini wa jembe, na aliishi kwenye stoo ya nafaka nyuma ya duka la Abiba, pale mtaa wa Wabera, mjini Isiolo. Marehemu mume wa Abiba ndiye aliyemfuga. Panya wote walihamia kwa majirani.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kuisha. Isiolo ilikuwa vumbi, malori ya Moyale, na umbea.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Nasema nyumba ile, si Waborana wote, msije mkanishika shati. Kila bibi harusi aliyeolewa pale alipelekwa stoo na bakuli la maziwa. Nyoka akimjia kwa upole, basi, huyo ni mtu wa nyumba. Akimkataa, ana jicho baya, arudi kwao.

Siku ya kumpeleka ilipangwa na mama mkwe.

Tiya aliolewa na Bule, mtoto wa pekee wa Abiba. Alitoka Kinna na sanduku moja la nguo, akakaa miezi mingi bila kupelekwa stoo. Akiuliza, Abiba anamjibu, "Bado. Tulia."

Kila asubuhi Abiba aliingia stoo peke yake, akatoka, akapiga kufuli, ufunguo akautundika shingoni.

Asubuhi moja akatoka akitabasamu.

"Leo," akasema. "Chota maziwa."

Wazee wa familia wakaitwa. Bule akasimama mlangoni jasho likimtoka. Tiya akachuchumaa, akasukuma bakuli mbele, akaita kwa sauti ile ya kubembeleza ndama.

Nyoka hakutoka. Alikuwa amejikunja nyuma ya magunia, ngozi imefifia utadhani amepakwa majivu. Na macho yake, lo! Yalikuwa meupe, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Tiya akasogeza bakuli karibu kidogo.

Nyoka akaruka, akamuuma mkononi.

Damu ilikuwa kidogo tu. Lakini bakuli lilipinduka, maziwa yakanywewa na vumbi mbele ya wazee.

"Amempofusha!" Abiba akapiga ukelele. "Angalieni macho ya mnyama! Huyu msichana iko na jicho!"

"Aayo, mimi sijafanya kitu," Tiya akasema. Kwao, aayo ni mama.

Akamgeukia mumewe.

"Bule, na wewe unaamini?"

Bule akatazama chini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kunyamaza, na siku hiyo kunyamaza kwake kulimuuma Tiya kuliko meno ya nyoka.

"Jumatatu kuna lori ya Kinna," akasema mwishowe.

Tiya akaokota bakuli tupu. Kurudi Kinna na jina la jicho baya! Nani angemuoa tena? Nani angekubali hata amkamulie mbuzi? Alikuwa anampenda yule mume wake bubu, na alikuwa anampoteza kwa sababu ya nyoka.

Nyaguthii, mwenye duka la jirani, akaja na maji ya chumvi kumuosha jeraha. Alikuwa mama wa kanisa, Mkikuyu, mdomo hauna breki.

"Pole, msichana wangu. Hata Madina walimfanyia hivi hivi."

"Madina ni nani?"

Nyaguthii akajiziba mdomo, lakini neno lilishatoka.

"Ngai! Kwani hawakukuambia? Ni bibi wa kwanza wa Bule. Hiyo nyoka ilimkataa pia. Mimi nilikuwa hapo mlangoni, nikaona hayo macho. Nyeupe tu hivyo. Wakamrudisha kwao Gotu, na huyo kijana akalia mpaka akagonjeka."

Tiya alilia kwanza. Kisha akafuta machozi, akaanza kufikiri.

Kama Madina alimpofusha nyoka, nani alimponya? Miaka yote hiyo si amekuwa akikamata panya?

Ukuta wa stoo ulikuwa wa mabati, na mabati yana matundu. Tiya akawa anajifanya anafagia uani, jicho lake tunduni. Ijumaa, macho ya nyoka meupe. Jumamosi, yameanza kutakata. Jumapili asubuhi yakawa meusi, yanang'aa, mazima kabisa.

Karibu apige kelele. Lakini angemwambia nani? Wangesema mchawi ameondoa uchawi wake. Akaendelea kufagia pale palipokwisha kufagiwa.

Alasiri nyoka akaanza kusugua pua kwenye gunia la mahindi. Ngozi ikapasuka mdomoni, ikarudi nyuma, ikavulika kama soksi. Akatoka mwenyewe, mpya, anameremeta.

Mara mlango wa stoo ukafunguliwa. Akaingia Abiba.

Hakushtuka hata kidogo. Aliokota ile ngozi kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba, akaikunja vizuri. Akavuta sanduku la bati kutoka nyuma ya magunia, akaitia ndani. Na Tiya, jicho tunduni, akaona sanduku lilikuwa limejaa.

"Bule! Bule, njoo!"

Bule alikuja mbio. Wakaingia wote wawili, Abiba akiwa bado ameshika kifuniko. Bule akachomoa ngozi moja, akachomoa nyingine. Nyingine zilikuwa kuukuu, zinavunjika mkononi.

"Aayo," akasema polepole. "Ulikuwa unajua."

Abiba akakaa juu ya gunia.

"Baba yako ndiye alinionyesha. Macho ikishika ukungu, haoni vizuri, anaogopa, anauma hata mimi. Ukimuacha, macho inafunguka, halafu anavua."

"Na wewe ukangojea hiyo ukungu."

"Mtoto wangu ni mmoja! Mwanamke akishika hii nyumba, mimi nabaki na nani? Na nyoka?"

Tiya alimchukia sana dakika ile, lakini pia alimhurumia, na huruma hiyo ikamkasirisha zaidi.

"Na Madina?" Bule akauliza.

Abiba akaanza kufunga sanduku.

"Aayo. Na Madina?"

"Walileta habari kutoka Gotu. Alienda na mimba. Akazaa msichana. Nikawaambia hatumtaki."

Ngozi zikamdondoka Bule mkononi.

Jumatatu lori la Kinna lilipita bila Tiya. Bule alidandia gari la Gotu. Tiya alibaki mlangoni akitazama vumbi. Ameshinda, ndiyo, lakini mume wake amekwenda kumtafuta mwanamke aliyemlilia mpaka akaugua. Akirudi naye, yeye Tiya atakuwa nani? Siku hizo hakula, hakulala, na hakumsemesha Abiba.

Bule alirudi na mtoto mabegani.

Peke yao wawili. Madina alikuwa amekufa kwa homa, mvua zilizopita.

Abiba akanyoosha mikono ampokee mjukuu. Mtoto akajificha nyuma ya gauni la Tiya, mtu ambaye hajawahi kumwona. Tiya akainama amtazame usoni. Kisha akamshika mkono, akamuogesha, akampa maziwa.

Mtoto huyo ni mimi.

Tiya ndiye ninayemwita mama, na ndiye aliyenisimulia haya yote. Kufuli la stoo lilitupwa. Nyoka alizeekea mle mle, na tulipoona macho yake yameshika ukungu tulimuacha tu apumzike. Akko wangu, yaani nyanya yangu Abiba, aliishi miaka mingi. Nilimpelekea uji hadi siku ya mwisho, na hata mara moja hakunitazama machoni.

Kwa hiyo mkisikia mtu ameshindwa jaribio, msikimbilie kuuliza ana kosa gani. Ulizeni nani alichagua siku.

Madina, aliyenizaa, hakupata mtu wa kumuulizia.