Paka Aliyeogeshwa kwa Sabuni ya Wageni

Sogea karibu nikueleze, na kama unafuga paka zaidi ya mmoja, weka hicho kikombe chini kwanza kisije kikamwagika.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Lucky Summer, tulikuwa na paka wawili wa kike, ndugu wa tumbo moja: mmoja mweusi, mwingine mwenye madoa. Walilala wamefumbatana kwenye kochi hata hujui mkia huu ni wa nani.

Ikafika zamu yetu ya kupokea jumuiya, wale majirani wa kanisani wanaosali nyumba kwa nyumba. Aliyewahi kupokea jumuiya anajua: nyumba husuguliwa mpaka kuta zione haya. Mama alipiga deki, akafua vitambaa vya makochi, kisha macho yake yakamwangukia mwenye madoa, aliyekuwa ametoka kugaagaa kwenye makaa.

"Huyu atasalimia watu wa Mungu akiwa hivi?" akauliza.

Akamtia kwenye karai, akamsugua kwa sabuni ya wageni, ile ya harufu ya waridi inayokaa kabatini bila sisi wenyewe kuruhusiwa kuigusa. Akammalizia kwa poda.

Wageni wakafika, chai ikamiminwa, rozari ikaanza. Mweusi, aliyeshinda kutwa juu ya mabati ya jirani, akaingia kupitia dirishani. Akamnusa dada yake shingoni. Akarudi nyuma, akanusa tena. Manyoya yakamsimama, akamrukia.

Wakabingirika chini ya meza kama mpira wenye kucha. Sinia la mandazi likapinduka. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mzito na mwenye heshima zake, akapanda juu ya kochi bila kuachia rozari.

"Hilo ni pepo!" akasema kutoka huko juu.

"Pepo gani, mama, liache watu wote hawa lichukue paka?" nikamjibu.

Mama akatia mkono kuwaamua, akautoa na michirizi ya damu. Mimi nikavuta kitambaa cha kochi, nikawatupia. Giza likawachanganya, wakaachana.

Wageni walipoondoka, mama alileta gunia. Kwetu paka mkorofi hutiwa guniani akaachiliwe mbali, asijue njia ya kurudi.

"Huyu mweusi anaenda Muthurwa. Sokoni kuna panya wa kumtosha."

"Mama, nipe mpaka Jumapili."

"Jumapili. Akimgusa tena mwenzake, gunia."

Nilimbeba mwenye madoa, nami nikamnusa. Alinukia kama shangazi wa bwana harusi. Hapo nikaelewa. Paka hujuana kwa harufu kuliko kwa sura. Hebu fikiria dada yako aingie nyumbani akiwa na uso wa mtu mwingine, kisha avue viatu na kulala kitandani kwako. Wewe ungemkaribisha chai?

Basi mweusi nikamweka chumba cha kulala na mwenye madoa jikoni, kila mmoja na maji yake na beseni lake la mchanga. Nikampangusa kila mmoja mashavuni kwa kitambaa, nikampelekea mwenziwe. Mweusi alikifokea kile kitambaa, akakipiga kofi, kisha baadaye nikamkuta amekilalia. Nikaanza kuwawekea omena, vile visamaki vikavu, pande zote mbili za mlango uliofungwa, kwanza mbali, kisha sahani zikawa zinasogea.

"Unawafungisha ndoa?" mama akauliza.

"Bado, mama. Hii ni mahari tu."

Alijaribu kununa, akashindwa.

Jumapili, tulipotoka misa, alisimama kando yangu na gunia begani. Nikafungua mlango kiasi cha kiganja. Mweusi akapenya. Akainusa ile shingo, akakawia hapo. Halafu akalamba sikio la dada yake, kwa nguvu, kama mzazi anayemfuta mtoto matope.

Mama akakunja gunia.

"Ningejua, ningewaogesha wote wawili," akasema, akaenda kununua viazi.

Nawe wako wakigeukiana ghafla, usitie mkono katikati. Watupie shuka, watenge kwenye vyumba viwili, wabadilishie vitambaa vyenye harufu zao, na uwalishe pande zote mbili za mlango. Usiufungue mpaka wote wawili wale bila kufoka.