Magauni ya Njano ya Bonana

Mimi ndiye niliyemfundisha mdogo wangu kuuza nguo. Naanza na hilo ili mtu asije akaniambia kwamba nilikuwa na wivu bure.

Kibanda changu kiko soko la Kenya, ule mtaa wetu wa Lubumbashi, si ile nchi. Nauza nguo za watoto. Miezi kumi ya mwaka ni kufukuza nzi tu. Kazi yenyewe ni Novemba na Desemba, wamama wanapotafuta nguo za bonana, zile ambazo mtoto lazima atembee nazo mtaani siku ya mwaka mpya hata kama nyumbani hawajaonja nyama. Kwa hiyo najitayarisha mapema. Nafua zilizobaki, nanyoosha, nabadilisha vifungo, kisha ile nzuri kuliko zote naivalisha sanamu yangu ya plastiki iliyokatika mkono.

Mdogo wangu hana kibanda. Ana simu. Mwaka huu ninaousimulia aliacha kunisaidia sokoni, akasema atauzia kwenye status ya WhatsApp. Nilimcheka. Nikamwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

"Sawa, Yaya," akajibu, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya. Hajawahi kunijibu zaidi ya hapo, na hilo nalo huniudhi.

Novemba mvua ikashika mji. Soko likawa tope, wateja wakabaki nyumbani na simu zao. Siku moja akaja mama mmoja ambaye nimemvalishia watoto miaka na miaka, viatu mkononi, akaninyooshea simu.

"Uko na hii?"

Kwenye picha kulikuwa na mtoto wa kike mwenye gauni jeupe, mikono juu, anacheka mpaka macho yamefumba. Alikuwa binti yangu. Baada ya masomo huwa anakwenda kwa shangazi zake na mama zake wadogo wote wa mtaa, lakini zaidi kwa huyu mdogo wangu, anayemwita tantine, kwa sababu mimi nakaa sokoni mpaka jioni. Nina huyu mtoto miaka minane, na kicheko kile sikuwahi kukiona nyumbani kwangu.

Gauni nilikuwa nalo. Lilikuwa nyuma yangu, kwenye sanamu. Nikamwonyesha.

"Haina hii," akasema yule mama, akimaanisha kwamba silo. "Ya kwenye picha iko muzuri."

Lilikuwa lile lile, limetoka kwa muuzaji wa jumla tunayenunua kwake sote wawili. Akaenda zake. Roho iliniuma sana, na nikisema kweli, si gauni lililoniuma zaidi.

Tangu siku hiyo nikawa nafungua status ya mdogo wangu kabla sijanawa uso. Leo soksi zenye maua, kesho kofia, keshokutwa viatu vinavyong'aa, na kila asubuhi mwanangu anamchekea mtu mwingine. Nilikuwa namuuliza mtoto walifanya nini kule. Anasema, "Tulipiga picha tu." Basi nanuna mpaka jioni.

Mwanzoni mwa Desemba nikaenda Sakania, mpakani, nikarudi na gunia la magauni ya njano yenye utepe wa mahameli mgongoni. Sijawahi kupata mzigo mzuri hivyo. Nikaona, hii ndiyo bonana yangu. Kesho yake tu mdogo wangu akafika, mwavuli mkononi.

"Yaya, banasema ulileta za njano. Naweza piga picha?"

"Ziliisha," nikamwambia, mguu wangu ukiwa juu ya gunia.

Alitazama mguu, akatazama mvua, akaaga. Na mimi, kwa kuogopa asije akarudi akayaona, sikuyatundika. Mtu anayeficha bidhaa yake sokoni ana ugonjwa, najua. Noeli ikabaki wiki moja, gunia bado limejaa.

Basi nikaamua kupiga picha mwenyewe. Jumapili, tuliporudi kanisani, nikamvisha binti yangu gauni la njano, nikamsimamisha mbele ya ukuta wa nyumba.

"Cheka," nikamwambia.

Akafungua mdomo kama aliye mbele ya muuguzi.

"Cheka muzuri. Kwa tantine si unachekaka?"

"Tantine haniambiake cheka."

"Anasema nini?"

Akachezea utepe. "Anasema, 'Nionyeshe vile mama anafanyaka.'"

Nilishusha simu. "Haya, nionyeshe na mimi."

"Utanichapa?"

"Sitakuchapa."

Akaweka mkono kiunoni, akatoa kidevu mbele. "Mama wa mapasa, kuya uone! Hii haitoke rangi hata siku moja!" Ilikuwa sauti yangu kabisa, ile ninayowaitia wamama wa mapacha sokoni. Nilikaribia kucheka. Nikainua simu haraka nisimkose.

Kisha, bila kuambiwa, akabadilika. Akaleta kiganja karibu na pua, midomo akaibana, jicho moja akalifinya. Akawa anasukuma kwa kidole gumba, anarudisha, anasukuma tena, anashusha pumzi puani.

"Na hii njo nini?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Njo vile unaangaliaka picha za tantine."

"Na tantine anasemaka nini?"

"Anachekaka sana. Alafu anasema tuache, juu wewe iko yaya yake."

Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza. Picha hiyo ninayo mpaka leo: mtoto wangu, gauni la njano, uso wangu. Sikuiweka popote.

Jumatatu nikabeba gunia mpaka kwa mdogo wangu, nikalitua mlangoni. Akalifungua, akaona njano.

"Si ulisema ziliisha, Yaya?"

"Nilisema."

Alinipa kiti, akanitilia chai, akatia sukari nyingi kama ninavyopenda. Nilikunywa, nikaondoka.

Kesho yake asubuhi, kabla sijanawa uso, nikafungua status. Binti yangu alikuwa katika njano, amejikunja kwa kicheko, utepe umeruka hewani. Nilijua wanamcheka nani. Magauni yaliisha kabla ya Noeli, nami nilifurahi kama muuzaji yeyote, lakini asubuhi ile sikuwa nawaza magauni. Niliitazama ile picha muda mrefu, mpaka nikagundua kwamba simu iko karibu na pua yangu, na midomo nimeibana.