Kamba ya bibi yangu mu miti ya machungwa

Ndugu zangu, leo nimeona kazi ya mukono wa bibi yangu.
Bibi yangu, mama ya watoto wangu, alikufa mwaka jana.

Kazi yetu ku shamba munaijua. Tunatia jicho la muchungwa mu muche wa ndimu, tunafunga na kamba ya rafia. Kisha wiki tatu tunaikata. Usipokata, inanyonga muti.

Ule mustari wa kukata leo tulifunga mimi na Papa Lofemba, mwenzangu wa kazi. Sisi wawili tu, wote tunafunga na mukono wa kuume.

Leo nakuja kukata. Kamba inazunguka kwa kushoto.
Ku shamba hili bibi yangu tu alifungaka vile, na mukono wa kushoto.

Nikaita Papa Lofemba. Akacheka, akaniambia: "Tonton, bibi amerudia kazi? Umuletee pondu ya kula!"
Alafu akaangalia muti wa pili. Wa tatu. Mpaka mwisho wa mustari, zote kwa kushoto.
Kicheko ikaisha. "Kata wewe," akasema. Akaenda.

Shefu wa shamba alisema kamba zote zitoke leo, ao mimi nitoke.
Bon, nimekata. Rafia ilikuwa ingali mubichi, kama imefungwa asubui hii.

Moja nimeacha, ya mwisho. Ule muti ukinyongwa, unyongwe.

Ninyi mungeikata?