Vyuma vya Majirani

Kwa nini kitu kikizidi kukazwa ndivyo kinavyozidi kuvunjika? Bibi, mama yake baba, aliniuliza swali hilo akiwa anakuna nazi kwenye uga wetu wa Temeke, siku za Mwingereza, nami nikiwa mtoto wa darasa la tatu niliyedhani shule imenipa majibu yote. Nilikasirika tu, maana tangu hapo sipendi kuulizwa jambo nisilolijua.

Wiki iliyopita, nikiwa nyumbani kwa likizo ya chuo, nilisimama pale pale ugani. Kuna sehemu ya ardhi, ukubwa wa kitanda, ambayo mpaka leo haioti hata jani moja. Mafuta ya gari yalidondoka hapo msimu mzima mpaka udongo ukawa mweusi. Nilipoiona, hasira yangu ya zamani ilirudi yote, mbichi.

Baba alikuwa ameendesha magari ya jeshi vitani Burma. Aliporudi hakutulia mpaka alipopata gari kuukuu la jeshi, lisilo na paa wala milango, la magurudumu manne yenye nguvu. Magari ya aina hiyo yana giaboksi mbili: ile kubwa ya kawaida, na nyuma yake ndogo, inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Bila hiyo ndogo, kwenye mchanga mzito gari linazama kama jiwe. Naijua habari hii kuliko nilivyowahi kutamani. Nilikuwa ndiye mwosha nati, nikizisugua kwenye kopo la mafuta ya taa mpaka vidole vinapauka, na chakula changu chote msimu ule kilinuka mafuta hayo, hata mhogo wa nazi.

Basi, mtu mmoja aliyetoka Kisiju kuja kuuza mikeka alileta habari kwamba dada yake bibi ni mgonjwa sana na anamuulizia. Hawakuwa wameonana tangu kabla ya vita. Bibi hakulia. Aliosha sufuria, akakaanga visheti, kwa sababu visheti havichachi njiani, akavifunga kwenye kitambaa cheupe. Baba akasema, "Mama, kesho nakupeleka mwenyewe."

Kesho yake tulifika kwenye mchanga wa Mbagala tu. Tukasikia mlio kama sufuria lililoanguka kwenye sakafu, na gari likasimama. Ganda la giaboksi ndogo lilikuwa limepasuka pale linaposhikwa na chasisi, ile fremu ya chini ya gari. Tulirudi tukilisukuma, bibi amekaa mbele na visheti vyake mapajani.

Sasa ndipo majirani walipoanza. Wa kwanza alikuwa jirani yetu kutoka bara, mfanyakazi wa reli, mtu mkubwa mwenye kicheko cha kuangusha nazi. Alikuja na kipande cha chuma kizito.

"Shikamoo mama," alimwamkia bibi. "Safari hii utafika. Hiki kimebeba treni, kitashindwaje na kigari?"

"Marahaba baba. Mungu akuzidishie."

Chuma kile kikafungwa chini ya giaboksi kuushikilia ufa. Siku ya pili akaja mwingine na upande wa kitanda cha chuma. Akaja mwingine na bamba lililoachwa na meli moja bandarini Kurasini. Kila mmoja aliingia chini ya gari, akatoka na mgongo mweusi, akanywa kahawa, akaeleza kwa nini chuma chake ndicho kilichokuwa kinakosekana. Baba alikaza bolti mpaka spana ikalia. Ile mipira iliyokuwa chini ya giaboksi aliitoa, akasema inailegeza, akaweka vyuma mahali pake. Mama alipita na ndoo ya maji, akatazama, akasema, "Hilo sasa si gari, ni gati."

Tulipojaribu tena, hata Mbagala hatukufika. Ganda lilipasuka upande mwingine. Bibi alirudi, akawagawia watoto visheti, akakaanga vipya. Watoto wa mtaa walipata visheti vingi msimu ule kuliko Idi zote za maisha yao, na shukrani yao ilikuwa kutuzomea: "Gari la vyuma, linakwenda kwa dua!"

Hapo ndipo nilipomuuliza baba, kwa sauti ambayo mama aliiita ya ujuaji, "Lilipokuwa halina chuma hata kimoja tulifika mbali zaidi. Si tupunguze?"

Baba alinitazama kutoka chini ya gari, uso umejaa mafuta. "Nipunguze chuma cha nani?"

Nilitaja kile cha kitanda. Akaguna. Mwenye kitanda alikuwa amekaa barazani pale pale akinywa kahawa yetu. Bibi akadakia kutoka jikoni, akiniita mjukuu wake kwa utani wetu, "Mke mwenzangu, jirani akikuletea chumvi, humwambii mchuzi umekolea."

Nilitamani kupiga kelele. Dada yake anaumwa Kisiju, na sisi tunalinda heshima ya kitanda!

Wiki zikapita. Mvua zikaanza, zikakoma. Chuma kikaongezwa juu ya chuma. Mwishowe baba akatangaza kwamba hata tetemeko la ardhi halitaing'oa giaboksi ile, nasi tukaondoka asubuhi, majirani wote wakiwa wamesimama njiani kutupungia, kila mmoja akiinama kidogo kuchungulia chuma chake.

Tulipita Mbagala. Kisha tukasikia kishindo nyuma. Kilikuwa kipande cha kitanda, kimelala mchangani. Baba alishuka, akakiokota, akakiweka nyuma ya gari. Mbele kidogo likaanguka bamba la meli. Likaokotwa. Kisha chuma cha reli chenyewe, baba akikiinua kwa mikono miwili huku akihema. Na kila kilipoanguka kimoja, gari lilikwenda vizuri zaidi! Giaboksi ilitikisika, ikalia, ikacheza upande hadi upande, lakini haikupasuka tena. Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Mie sikucheka. Niliona wiki zetu zote zimelala nyuma ya gari, zikigongana.

Tulifika Kisiju alasiri. Wanawake walikuwa wameketi mlangoni na kaniki zao, na walipomwona bibi hawakuinuka upesi. Hitma ilikuwa imeshasomwa. Dada yake alikuwa amekwisha kuzikwa. Bibi aliketi kati yao, akafungua kitambaa, akawapa watoto wa nyumba ile visheti.

Siku ya kurudi, kabla ya kuingia Temeke, baba alisimamisha gari kando ya njia. Nilidhani limeharibika. Kumbe alilala chini yake na spana, akafunga tena vyuma vyote, kimoja kimoja, kila kimoja mahali alipokiweka mwenyewe, ili majirani wavikute. Nilikaa juu ya gogo nikimtazama, nikiwa nimekasirika kiasi kwamba sikuweza hata kumpa nati.

Sasa najua jibu la swali la bibi. Njia mbovu huipinda chasisi, na giaboksi isipoachiwa nafasi ya kucheza, hupasuka. Ni jambo la ukurasa mmoja wa kitabu. Lakini sina wa kumjibu. Bibi hayupo. Jirani wa reli alistaafu akarudi kwao bara. Gari liliuzwa kama chuma chakavu, na siku hizi mtu akiharibikiwa na gari mtaani kwetu, humwita fundi, naye fundi huja peke yake. Nawashangaa wanaosema hayo ni maendeleo, kisha najishangaa mwenyewe kwa kuwashangaa.

Kwa miaka mingi nilimlaumu baba. Juzi nilimwambia mama hivyo, tukichambua mchele. Aliendelea kupepeta, kisha akaniambia kwamba msimu ule wote, kila Ijumaa, lori la mbata, zile nazi kavu, lilikuwa likitoka mjini kwenda Kisiju. Dereva wake alikuwa mtu wa huko, na zaidi ya mara moja alipita nyumbani, baba akiwa chini ya gari, akamwomba bibi apande akae mbele naye. Bibi alimjibu kwa sauti ya chini, "Nenda baba. Mie mwanangu ananitengenezea gari."