Shuka la Mayu Ndani ya Bani

Juzi nilimkuta mjukuu wangu amefunga simu kwenye baiskeli kwa mpira, anarekodi filamu. Sikumkemea. Nilikumbuka bani letu la kukaushia tumbaku.

Mchana mmoja wa utoto wangu, dada yangu Kalunde alitundika humo shuka jeupe la wageni, lile tusiloruhusiwa kugusa, akaniingiza, akafunga mlango wenye tundu la msumari.

"Kaa kimya wewe, sinema inaanza."

Giza lilinuka majani makavu. Kwa lile tundu, ua wetu uliingia ukatua kwenye shuka, kuku na mtungi, vyote kichwa chini. Kisha Mayu, mama yetu, akapita miguu juu.

Nilitoka mbio nikilia, nikamkumbatia miguu. "Mayu, umepinduka!"

Sasa najua ni kazi ya mwanga tu. Siku ile nilidhani dada kamroga mama.

Mayu aliingia, akaliona shuka lake. Kalunde akainama kungoja fimbo. Mayu akarudishia mlango, akaitazama ile picha ya ua, akatazama tena.

"Kalunde, toka nje nawe, nikuone unavyopinduka."

Akavuta kigoda. Namshukuru Mayu mpaka leo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mama ameketi mchana.