Nafasi ya Salamu

Wosia wa baba ulipigwa taipu na wakili mjini Kisii, ukatiwa sahihi na mashahidi wawili, na ulisema waziwazi kwamba shamba letu la karibu na Nyaramba ni la mama na sisi binti zake wanne. Baba hakujaliwa mtoto wa kiume, na alijua nyumba kama yetu hutazamwa vipi mwenye nyumba akishazikwa. Alipofariki, katikati ya miaka ya sabini, mimi nilikuwa nikifundisha katika shule ya Sironga. Nilisoma ule wosia nikaona baba ametukinga. Mwalimu mzima, na mjinga hivyo.

Kosa lilikuwa limefanyika zamani, na nililifanya mimi.

Wapimaji wa ardhi walipofika kwetu, mwishoni mwa miaka ya sitini, baba alikuwa amelazwa Kisii kwa kifua kikuu na madaktari walikataa kumruhusu atoke. Kila mwenye shamba alitakiwa kusimama mpakani mwake. Mama angesimama hapo mpaka jua litue na wasingemwandika, maana waliandika wanaume. Baba akaamua mdogo wake asimame badala yake, shamba lisajiliwe kwa jina la huyo mdogo, alishike kwa amana mpaka yeye apone.

Baba hakujua kuandika. Mimi nilikuwa darasa la saba, nikikaa kwa shangazi pale mjini, na barua zangu za Kiswahili zilisifiwa mbele ya darasa. Nilikaa kando ya kitanda chake. Yeye akasema kwa Ekegusii, nami nikaandika kwa Kiswahili.

Karatasi ilikuwa moja tu, nimeichana katika daftari la hesabu. Nilianza na salamu ndefu kama tulivyofundishwa, kisha nikaandika kwamba baba mdogo asimame mpakani na shamba liandikwe kwa jina lake. Baba akakohoa, akasema, "Mwambie anishikie tu. Nikipona, anirudishie."

Nikatazama chini ya karatasi. Ilibaki mistari mitatu. Barua isiyo na salamu za mwisho, mwalimu wetu aliiita barua ya mtu asiyelelewa. Nikajiambia baba mdogo anajua. Nikaijaza ile mistari: msalimie mama mdogo, wasalimie watoto wote, wasalimie na majirani.

"Umeandika yote?" baba akauliza.

"Ndiyo, baba."

Alipona. Hati ya shamba ikabaki katika kasha la mdogo wake, na baba akaiacha huko, maana kumdai ndugu yako karatasi ni sawa na kumwita mwizi. Aliamini barua imeshasema la kusema. Miaka ikapita, ndipo akaenda kuandikisha wosia.

Tulipoupeleka kwa wakili baada ya mazishi, alikwenda kupekua daftari la ardhi, na aliporudi akavua miwani. "Mwalimu, wosia hugawa mali ya marehemu. Shamba hili kwa karatasi si lake. Lazima tuonyeshe kwamba huyu mwenye hati alikuwa anawashikia."

Tukafungua kesi, nami nikaomba Mungu baba mdogo awe ameshaichoma moto ile barua. Aliileta kortini ndani ya Biblia yake, imekunjwa vizuri.

"Mheshimiwa, mimi sikuomba shamba," alisema. "Niliandikiwa."

Hakimu aliisoma yote, mpaka majirani. Karani akamtafsiria mama.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu, mheshimiwa. Lakini baba alitaka ashike tu, kisha arudishe."

"Alikwambia uandike hivyo?"

Mama alikuwa amekaa benchi ya mbele, na macho yake yalikuwa kwangu. Niliogopa macho yale kuliko nilivyoogopa kupoteza shamba.

"Hapana," nikasema. "Alidhani ndugu yake anajua."

Tulishindwa siku hiyohiyo. Baba mdogo alimwachia mama nyumba na kiwanja kilicho na kaburi, na watu wakamsifu kwa huruma yake.

Tulipokuwa tukirudi, mama alisimama pale njia ya kwetu inapoanza kupanda.

"Alikumbuka hata majirani," akasema. "Sisi akatusahau."

Nilibeba mfuko wake nikatangulia. Aliishi miaka mingine mitatu, na hakupanda hata ua moja juu ya kaburi la baba.